Laptopu ya zamani inayogonga: kuiacha, kuitia diski nyingine ya kuzunguka, au kuhamia SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani)?

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa Chumbageni, Tanga. Laptopu yake ni Dell Latitude iliyopita mikono ya watu kabla ya kumfikia yeye. Aliniletea Jumamosi asubuhi hapa kibandani Ngamiani, barabara ya 12, akiwa ameitia kwenye kikapu cha ukindu na kukining'iniza kwenye usukani wa baiskeli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hii kitu inagonga usiku kucha. Mama watoto hataki kulala nayo chumba kimoja."

Nikaiwasha, nikatega sikio. Kah-kah-kah, kimya. Kah-kah-kah, kimya. Ungedhani ni muuza kahawa anapita barazani akigonganisha vikombe vyake, ila huyu wa ndani ya laptopu hauzi kitu.

"Inatengenezeka?"

"Haitengenezeki, mjomba. Hubadilishwa."

Jibu hilo halikumpendeza. Kwa zaidi ya nusu karne amezoea kwamba kitu kikilia kinatiwa mafuta au kinakazwa skrubu. Kinachogonga humu ni diski, inayohifadhi faili zote, na diski haiko hivyo. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na juu yake vichwa vya kusomea vinaelea kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho, kwa kichwa kile ni kama jabali la Amboni. Fundi anayekuambia atafungua kifuniko cha diski hapo mezani "aisafishe" anakutaka uziage picha zako. Kinachobaki kwako ni kuchagua uweke nini mahali pake, na kabla ya hapo, uokoe nini.

Wiki ile ile nilikuwa na laptopu nyingine mbili zenye malalamiko ya kelele, na zote tatu ziliondoka hapa kwa njia tofauti. Ndiyo maana nimeona niziweke njia hizo pamoja.

Kwanza, nani anayepiga kelele?

Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu kwa shtaka la "diski inalia" diski zake hazina neno. Anayelia ni feni. Hewa ya Tanga ni nzito, ina unyevu na chumvi ya bahari, na vumbi likikutana na hewa hiyo halibaki vumbi. Linakuwa kama unga wa mhogo uliorowa, linagandama kwenye mapezi ya feni na kuziba tundu la kutolea moto. Feni inazunguka kwa nguvu zaidi, mashine inazidi kuchemka, na mwenyewe anaenda kununua diski.

Zitofautishe hivi. Feni huvuma kwa kupanda na kushuka: ukifungua video inapandisha, ukifunga baada ya muda inashuka, na sauti inatoka pembeni kwenye tundu la hewa moto. Diski nzima ina mvumo mmoja mwembamba usiobadilika, na mara nyingi utausikia ukiweka sikio pale kiganja kinapolala, kushoto au kulia. Na usisahau kile kitundu cha kusomea DVD. Mtu amesahau sahani ya kaswida humo tangu mwaka juzi, kila akiwasha inanguruma, naye anahangaika.

Kipimo kisicho na ubishi ni hiki: zima laptopu, toa betri, chomoa diski, kisha iwashe kwa flashi yenye Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows, unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi). Kelele ikibaki, diski ilisingiziwa. Ikipotea, umempata mwenyewe.

Sasa, sauti za diski yenyewe si sawa. Tiki moja moja, kila baada ya sekunde kadhaa hasa mashine inapokuwa haina kazi, ni vichwa vinajiegesha pembeni ili vipumzike. Hiyo ni tabia ya diski, wala si maradhi. Mlio mrefu wa kama mbu ni fani ya diski za zamani sana, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo ekseli yake ilizunguka juu ya gololi. Zilizofuata zinazunguka juu ya mafuta, ndiyo maana zimetulia. Kah-kah-kah ya kujirudia, kama ya mjomba, ni vichwa vinatafuta alama ya kuanzia, havioni, vinarudi mwanzo kujaribu tena. Na ukisikia kukwaruza kama mtu anakuna nazi juu ya mbuzi, zima hapo hapo. Kila sekunde inayopita, kilichoandikwa kwenye sahani kinaondoka na kuwa unga.

Masikio peke yake hayatoshi. Kila diski huweka daftari la afya yake. Kwenye Windows lisome kwa programu ya CrystalDiskInfo, kwenye Linux kwa smartctl. Mistari ninayoitazama mimi ni mitano tu: 05 (sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokufa zikahamishwa), C5 (sekta zinazosubiri hukumu), C6 (zilizoshindikana kabisa), C1 (idadi ya kujiegesha) na C7 (makosa ya mawasiliano). CrystalDiskInfo ikifunguka mara ya kwanza huandika thamani kwa hesabu ya kumi na sita, kwa hiyo ukiona 10 mwishoni mwa mstari, hiyo ni 16. Badilisha kwenye menyu isome kwa hesabu ya kawaida kabla hujamtisha mtu. C7 ikiwa juu na nyingine zote ni sifuri, usinunue kitu. Futa miguu ya dhahabu ya diski kwa pamba yenye spiriti, rudishia vizuri, kisha angalia kama namba bado inapanda. Yenyewe haishuki, kinachotazamwa ni kama imesimama. Hapa pwani kutu hailali.

Njia ya bei ya bure: kuiacha na kuituliza

Laptopu ya pili ilikuwa ya binti wa jirani anayesoma chuo, HP aliyoirithi kwa kaka yake. Kelele mbili: feni imeziba, na tiki-tiki ya kujiegesha. Daftari la afya lilikuwa safi, 05, C5 na C6 zote sifuri. Huyu kumuuzia diski ingekuwa dhuluma.

Feni niliisafisha kwa brashi laini na kipulizio, nimeshika mapezi kwa kidole yasizunguke, nikabadilisha na ile krimu ya kupitishia joto juu ya prosesa. Upande wa diski, kuna mpangilio wa kubana matumizi ya umeme unaoiamuru iegeshe vichwa kila ikipata nafasi. Kwenye Linux unaulegeza kwa amri ya hdparm -B 254, kwenye Windows ndani ya CrystalDiskInfo sehemu ya APM. Diski nyingi husahau agizo hilo ukizima mashine, kwa hiyo liwekwe lijirudie kila inapowaka.

Kuna faida nyingine ya kuilegeza zaidi ya ukimya. Diski nyingi za laptopu zimetengenezwa kuhimili kujiegesha kama mara 600,000. Ikijiegesha mara mbili kwa dakika, saa 8 kwa siku, ni mara 960. Gawanya, unapata siku 625, hata miaka miwili haifiki. Sisemi itakufa siku hiyo, zipo zilizopita idadi hiyo na bado zinasoma. Lakini ni uchakavu wa bure.

Ila njia hii ina mtu wake. Vichwa vilivyoegeshwa viko salama laptopu ikitikisika, visivyoegeshwa viko juu ya sahani inayozunguka. Laptopu inayokaa mezani siku zote, ilegeze. Inayopanda bodaboda kutoka Sahare kila asubuhi ikiwa imewashwa ndani ya begi (na watu hufanya hivyo, nimewaona), iache itiki-tiki. Binti nilimlegezea kwa sharti kwamba azime kabla ya kufunga begi. Alisema sawa. Wanafunzi husema sawa.

Kingine kisicho na gharama ni skrubu. Fundi aliyepita akirudishia mbili kati ya nne, au akipoteza raba za pembeni, diski nzima kabisa hutetemesha kasha zima, na juu ya meza ya bati inakuwa ngoma. Kaza, weka kitambaa chini ya laptopu, sikiliza tena.

Njia hii inaishia pale C5 inapoanza kupanda, au sauti inapokuwa kah-kah-kah. Hapo kuiacha ni kusubiri msiba.

Diski ya kuzunguka na SSD, moja baada ya jingine

Hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe. Wateja wengi wanakuja wameshasikia kwamba SSD ni "kasi", basi. Ni zaidi ya hapo, na si yote mazuri.

Tuanze na hiyo kasi, maana inaelezwa vibaya. Diski ya laptopu ya mizunguko 5,400 husoma faili kubwa kwa takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA (aina ya bandari inayounganisha diski na laptopu) hufika 500 na ushee. Lakini laptopu ya zamani yenye SATA ya kizazi cha pili haiwezi kupitisha zaidi ya 300, kwa hiyo yale maandishi makubwa ya "550" kwenye boksi hutayaona. Watu wakigundua hilo hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa, kwa sababu faida ya SSD haiko kwenye faili kubwa, iko kwenye vifaili vidogo maelfu ambavyo Windows huvisoma inapowaka. Diski ya kuzunguka ni kama karani wa masijala ambaye kila ukiomba jalada anainuka, anakwenda kabatini, anasubiri droo ifike mbele yake. Nusu mzunguko peke yake ni milisekunde 5.6, ongeza mwendo wa mkono, kila ombi linakula kama milisekunde 16. Huyo ni karani wa majalada 60 hivi kwa sekunde. SSD haina mkono wala droo, huhudumia maelfu. Ndiyo maana laptopu ile ile, prosesa ile ile, ukiitia SSD inakuwa kama imezaliwa upya hata kama bandari yake ni ya zamani.

Kelele: SSD haina kitu kinachotembea ndani, imekwisha. Diski mpya ya kuzunguka itakuwa tulivu kuliko ile mbovu, lakini usiku wa manane chumba kikiwa kimya utaisikia, na baada ya miaka utarudi tena kibandani.

Mtikisiko: hapa hakuna mashindano. Kikapu cha mjomba kwenye usukani wa baiskeli ni adui wa diski ya kuzunguka, kwa SSD ni safari tu.

Nafasi ndipo upepo unapogeuka. Kwa pesa ile ile diski ya kuzunguka inakupa gigabaiti nyingi zaidi. Swali ni kama unazihitaji. Kabla hujanunua, fungua uone umetumia kiasi gani. Mjomba alikuwa na diski ya GB 320 na mali yake yote, mitihani ya miaka ya nyuma, barua, picha za wajukuu na mawaidha, haikufika GB 40. Kumnunulia TB 1 ni kumjengea ghala mtu mwenye debe moja la mahindi.

Halafu kuna jambo wauzaji hawalitaji. Diski nyingi mpya za laptopu za TB 1 na 2 siku hizi huandika njia zake kwa kulaliana kama vigae vya paa, ili nafasi iongezeke. Kusoma hakuna shida. Kuandika vitu vingi kwa mfululizo, ukigusa kigae kimoja lazima uinue na vya jirani, hivyo inazorota. Ukiona diski mpya inaburuta kuliko ile ya zamani uliyoitoa, hujarogwa.

Uhai wa SSD unawatia watu hofu isiyo na sababu. Kweli kila SSD ina kikomo cha kuandikwa. Kingston A400 ya GB 240, kwa mfano, kiwandani imetajwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na mtu wa barua na vitabu haandiki hata robo yake, ni siku 4,000, karibu miaka 11. Laptopu itakuwa imeshachakaa bawaba za kioo kabla ya hapo.

Hofu yenye sababu ni nyingine: namna zinavyokufa. Diski ya kuzunguka huumwa. Inagonga, inakwama, inakuonya wiki kadhaa, na wakati huo unaweza kutoa vitu vyako. SSD jioni unaizima inacheka, asubuhi mashine haioni diski yoyote. Haitoi sauti, na kuokoa vilivyomo ni kazi ngumu kuliko ya diski. Nimewaona watu waliohamia SSD wakaacha kuweka nakala kwa sababu "sasa iko salama." Kinyume chake. Ukihamia SSD, nakala pembeni inakuwa lazima zaidi kuliko mwanzo.

Na kuna la joto. Kiwango cha kimataifa cha SSD za watu wa kawaida kinataka iliyomaliza maisha yake ya kuandikwa iweze kushika data kwa mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30. SSD mpya hushika muda mrefu zaidi, lakini kabati la nyumba ya bati Makorora mwezi wa pili si nyuzi 30. Kwa hiyo usiifanye SSD sanduku la kumbukumbu za kuweka miaka bila kuigusa. Kazi hiyo diski ya kuzunguka iliyo nzima inaifanya vizuri zaidi.

Umeme ukikatika ghafla, zote zinaumia kwa namna yake: diski inarudisha vichwa kwa pupa (ule mlio mmoja mzito wa kugonga unaousikia), SSD ya bei rahisi inaweza kupoteza hesabu ya nini kiko wapi. Laptopu ina betri ya kuikinga na hilo, lakini laptopu ngapi za zamani zina betri inayofanya kazi? Nyingi zinaishi kwa waya wa chaja kama runinga. Mtu wa namna hiyo, kama mfuko ni mmoja, namwambia tujadili betri pia.

Kununua

Bei kwa shilingi sitaziandika, hubadilika kabla wino haujakauka. Mpangilio wake kwa maduka ninayochukua mimi ni huu: rahisi kabisa ni diski ya kuzunguka iliyokwisha kutumika, katikati ni SSD ndogo ya GB 120 au 240, na diski mpya ya TB 1 haiko mbali na SSD hiyo. Kwa hiyo mtu asiyehitaji nafasi kubwa hana sababu ya kununua diski mpya ya kuzunguka. Ongeza gharama ya kebo ya USB ya kuunganishia diski kwa nje, au bora zaidi kasha dogo, maana utalihitaji baadaye.

Hapa mjini uchaguzi ni mdogo kuliko Kariakoo. Ukiagiza huko mzigo unapanda basi, kilomita kama 350, unaufuata stendi ya Kange. Ubaya wake ni kwamba ukikuta umepewa siyo, kurudisha ni safari nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kununua "SSD ya TB 1" kwa bei ya kuchekesha, kwa mtu aliyejua kuongea. Kuishika tu ilikuwa nyepesi kama boksi la kiberiti. Nilipoipima kwa H2testw (kwenye Linux kuna f3), nafasi ya kweli haikufika GB 64, zilizobaki ni uongo: unaandika, inakubali, ukisoma hakuna. Tangu hapo hakuna diski inayoingia kwenye laptopu ya mteja kabla ya kujazwa na kusomwa yote.

Diski iliyotumika nayo ina daftari lake. Tazama mstari wa 09, saa za kuwaka. Saa 20,000 ni sawa na miaka miwili na robo bila kuzimwa. Si lazima uikatae, ila bei iendane. Ukikuta saa 3 kwenye diski yenye mikwaruzo na tarehe ya kiwandani ya miaka minane iliyopita, mtu amefuta daftari. Mrudishie, mwambie asante.

Kwa upande wa kipimo, laptopu za SATA zinapokea diski ya inchi 2.5. Za zamani zilikuwa na unene wa milimita 9.5, SSD nyingi ni milimita 7, kwa hiyo inacheza kidogo. Zingine huja na fremu ya plastiki, zikikosa, kadi ya boksi iliyokunjwa inatosha. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) uhakikishe mpangilio wa SATA uko AHCI kabla ya kuweka Windows.

Na kuna laptopu ambayo sikushauri uiguse kabisa. Ukichomoa diski ukakuta ina pini 44 zilizopangwa safu mbili badala ya miguu bapa ya SATA, hiyo ni IDE, ya kabla ya SATA kuenea kwenye laptopu. Vipo vibadilishio vya kuiwekea SSD ndogo, lakini unamvisha marehemu kanzu mpya. Pia SSD haitibu kila kitu. Mashine yenye ramu GB 2 itabaki ya GB 2. Na Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 haizitaki rasmi laptopu nyingi za umri huo. Mimi za namna hiyo naziwekea Linux Mint, na mteja wa barua na YouTube hulalamika siku mbili, ya tatu amezoea.

Kabla hujagusa skrubu

Diski ikishaanza kugonga, muda wake unahesabika kwa kuwaka, si kwa siku. Kila ukiiwasha "nione kama imepona" unatumia pumzi iliyobaki. Kwa hiyo iwashe mara moja, ukiwa na pa kuhamishia tayari. Anza na vidogo vya thamani: vyeti, tasnifu, picha. Muziki na filamu mwisho, hivyo vinapatikana tena.

Ikiwa inakwama, usinakili faili kwa faili. Tumia programu ya ddrescue kutoka Linux, awamu ya kwanza kwa -n ili ichukue sehemu rahisi na kuruka zilizo ngumu, kisha urudie ngumu kwa -r3 ukitumia ramani ile ile (faili inayokumbuka kilichokwisha kusomwa). Usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) kwenye diski inayokufa, ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa pumu. Usiipige kofi. Wala usiitie kwenye friza, ushauri wa zamani ambao bado unatembea. Tazama jagi la maji baridi linavyotoka jasho mezani hapa Tanga, kisha fikiria jasho hilo likiwa juu ya sahani ndani ya diski.

Kama diski bado inasoma vizuri na SSD mpya ni kubwa sawa au zaidi, programu ya Clonezilla itahamisha kila kitu kama kilivyo. Kutoka diski kubwa kwenda SSD ndogo hukataa mpaka upunguze sehemu zake kwanza. Kwa laptopu ya zamani mimi napenda kuanza upya, kuweka mfumo safi na kurudisha faili peke yake. Takataka za miaka nane hazistahili nauli.

Walichochagua

Ya tatu ilikuwa ya kijana anayepiga video za harusi, laptopu yenye diski inayokwaruza kidogo na C5 iliyopanda kutoka 8 hadi 40 kwa siku tatu. Kazi zake za mwezi mmoja zinajaza mamia ya gigabaiti, na wateja hurudi baada ya mwaka kutaka nakala. SSD ya ukubwa huo ingemla faida yote. Tulikubaliana SSD ya GB 240 kwa mfumo na kazi anayoihariri sasa, na diski mpya ya kuzunguka ya TB 2 ndani ya kasha la nje kwa kumbukumbu. Aliniuliza kwa nini asiiweke hiyo TB 2 ndani, aondoe gharama ya SSD. Angeweza. Angekuwa na nafasi, na angesubiri kila mara anapofungua programu ya kuhariri. Alisubiri sekunde kama tano, akatoa pesa ya vyote viwili.

Binti wa chuo aliondoka na diski yake ile ile, feni safi, na deni dogo la krimu ambalo mama yake alilipa kwa sahani ya mbaazi na mandazi.

Mjomba ilichukua siku mbili. Diski yake iligonga, ikatulia, ikasoma, ikagonga tena. Barua zote zilitoka, mitihani ilitoka, picha kumi na moja za wajukuu zilikuja nusu kijivu. Nilitoa skrubu mbili chini, nikavuta diski pembeni kama droo, nikaweka SSD ya GB 240 na nakala yake nikaitia kwenye flashi ya kukaa kabatini. Alipokuja Jumatatu nikamkabidhi, akabonyeza kitufe, akainamisha kichwa.

"Mbona haiwaki?"

"Imeshawaka, mjomba. Tazama kioo."

Akatazama kioo, akarudisha sikio kwenye kibao. "Sasa usiku nitajuaje kama nimeizima?"

Nikamwonyesha kitaa kidogo cha kijani pale pembeni. Akachomoa kalamu mfukoni, akakizungushia duara, asije akakisahau.